Acheni kulaumiana, hesabuni pumzi

Tulikwenda Kilwa Masoko kwa wakwe, mapumziko ya siku nne. Mimi na mume wangu tulishapanga kuvuka na boti hadi Kilwa Kisiwani, tuone Msikiti Mkuu, tupige picha zetu. Usiku wa pili mwanetu wa miezi 9 akaanza kukohoa na kuhema mbio.

Tukaanza sisi. "Si nilikwambia umfunike, upepo wa bahari huu!" "Na wewe ungeweka simu chini ukanisaidia!"

Mama mkwe akamfunua mtoto. "Jamani wanangu, ugomvi baadaye. Mtazameni kifua." Kila akivuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani. Tukahesabu kwa dakika nzima: pumzi 62. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50 ni dalili ya hatari. Hatukungoja kuche, tukaita bajaji.

Ilikuwa nimonia, kile kichomi tunachokijua wote. Na upepo hauna kosa. Msababishaji mkubwa ni bakteria aitwaye numokokasi, ambaye anaweza kukaa puani na kooni bila kumdhuru mtu. Balaa ni akishuka kwenye mapafu. Humo anatoa sumu inayotoboa matundu kwenye kuta za vifuko vidogo vya hewa. Maji na damu vinavujia ndani, oksijeni inakosa njia. Bakteria wenyewe wakipasuka, sumu nyingine inamwagika. Ndiyo maana dawa ianze mapema, wakati bado ni wachache.

Mwanetu aliwekewa oksijeni, akachomwa sindano, akapona. Lakini nesi alipoomba kadi ya kliniki, tulitazamana. Tanzania inatoa chanjo ya numokokasi tangu 2013, kwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Dozi ya tatu haikuwepo. Mimi nilidhani baba yake alimpeleka, yeye alidhani nimempeleka mimi.

Chanjo haizuii kila nimonia, na hakuna anayejua kama dozi ile ingetuepusha. Ila iliniuma, na mwenzangu vilevile.

Siku hizi kadi imebandikwa kwenye friji, tarehe tunazisoma wote wawili. Wewe na mwenzio je? Leo usiku, kabla ya kuzima taa, itoeni kadi ya mtoto muisome pamoja. Kisiwani tutakwenda mwakani, Mungu akipenda, watatu.