Somo la uzamili ambalo mfugaji wa Jorodom amelianza zizini

MFUGAJI wa Jorodom, wilayani Hanang mkoani Manyara, akiwa na ng'ombe wa kutosha hapendi kuwaweka wote zizi moja. Baadhi huwakabidhi kwa ndugu au rafiki wa kijiji cha mbali. Mtunzaji hunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe. Ni desturi ya zamani kwa Wairaqw na Wadatoga, na sababu yake inajulikana: ugonjwa ukiingia zizi moja, au mvua ikikosekana upande mmoja, mtu asibaki na fimbo tupu.

Chuoni, katika ngazi ya shahada ya uzamili, jambo hilo huitwa usimamizi wa mseto wa uwekezaji. Hufundishwa ndani ya masomo ya fedha na uwekezaji katika vyuo kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1972. Mzizi wake ni andiko la Mmarekani Harry Markowitz la mwaka 1952, lililompatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990.

Hesabu zake ni nyingi, lakini kiini ni swali moja: mali moja ikianguka, ile nyingine inafanyaje? Markowitz alionyesha kuwa wingi wa mali peke yake haumkingi mtu. Kinachomkinga ni kuwa na mali ambazo hazianguki kwa sababu moja.

Hapo ndipo desturi ya zizi la mbali inapofikia mwisho wake. Mwenye ng'ombe, mbuzi na shamba la mahindi anaweza kudhani ana mali za aina tatu, kumbe zote zinategemea mvua ile ile. Ukame ukija, mahindi hukauka na bei yake hupanda, ng'ombe hudhoofika, na kila mtu hupeleka mifugo mnadani siku moja, hivyo bei huporomoka. Ukame wa mwaka 2009 uliua mifugo mingi kaskazini mwa nchi, Longido na Simanjiro zikiwamo, na rafiki wa kijiji cha pili hakuwa na malisho pia.

Soko nalo lina ukame wake. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Tanzania, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo. Wakulima wa Manyara waliokuwa wameongeza ekari kwa kufuata bei nzuri ya miaka iliyotangulia walibaki na magunia ndani. Mvua haikuwa na kosa. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2021, lakini deni la mbegu na vibarua halikusubiri.

Chukua mfano wa kaya yenye ng'ombe 20, kila mmoja Sh500,000, yaani mali ya Sh10 milioni. Ukame ukiua wanane na bei ikishuka hadi Sh250,000, waliobaki 12 wana thamani ya Sh3 milioni. Kama kaya hiyo ingeuza watano wakati wa neema na kuweka Sh2.5 milioni mahali ambapo mvua haifiki, ingebaki na ng'ombe 15. Sita wakifa, tisa waliobaki wana thamani ya Sh2.25 milioni. Ukijumlisha na akiba, ni Sh4.75 milioni, bila kuhesabu riba. Zaidi ya hapo, kaya haitalazimika kuuza waliokonda ili inunue unga.

Gharama ipo. Mwaka wa mvua nzuri, wale watano wangezaa na kutoa maziwa, na jirani aliyebaki na 20 atacheka. Profesa yeyote wa somo hili angekiri kwamba usalama hununuliwa kwa sehemu ya faida.

Mahali ambapo mvua haifiki si pengi, lakini papo. Hati fungani za serikali huuzwa na Benki Kuu kuanzia Sh1 milioni, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Mwenye kiasi kidogo anaweza kununua vipande vya mifuko ya UTT, ambayo ilianza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Hisa ni mnada wa aina nyingine. Zile za NMB ziliuzwa Sh600 mwaka 2008 na baadaye zikapanda mara kadhaa, wakati za Vodacom Tanzania, zilizouzwa Sh850 mwaka 2017, zilishuka chini ya bei hiyo miaka iliyofuata. Aliyenunua za kampuni moja tu alikuwa kama mkulima wa mbaazi tupu.

Mzazi anayefikiria kuuza ng'ombe ili mtoto asome uzamili wa somo hili naye apige hesabu hiyo hiyo. Wahitimu huajiriwa na benki, mifuko ya pensheni, UTT na madalali wa hisa. Lakini Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, bado lina kampuni chache, na nafasi za kazi ni chache vile vile. Kuuza zizi zima kwa ajili ya ada ni kuweka kila kitu kwenye mali moja.

Kwa mtoto atakayekwenda, kazi ya utafiti ipo nyumbani. Bei za hisa huandikwa kila siku na mwanafunzi huzikuta tayari. Za ng'ombe, mahindi na mbaazi za Jorodom, mwaka wa mvua na mwaka wa jua, nyingi zimo vichwani mwa wazee wanaokwenda mnadani.