Juu ya nini redio inalia «trrr-trrr» mbele simu iite?

Wasikilizaji wengi wanaijua ile kelele. Habari inaendelea, simu imelala pembeni ya redio, mara «trrr-trrr-trrr». Kisha sekunde chache, simu inaita. Wengine wanafikiri redio imeharibika, ao kuna mutu anawasikiliza. Hapana. Ni simu inajibu munara.

Ndani ya kila simu muna kifaa chenye kazi mbili: kutuma mawimbi na kuyapokea. Sauti ya mutu inageuzwa kwanza kuwa namba, sufuri na moja, halafu namba hizo ndizo zinabebwa na mawimbi. Kwenye 2G, simu mpaka nane zinagawana njia moja kwa zamu, sawa vile wamama wanapanga mabido kwenye robine: kila moja inachota kidogo, inatoka, inarudi. Zamu ya simu moja inarudi karibu mara 217 kwa sekunde. Redio ikiwa karibu, nyaya zake zinashika kule kuwaka na kuzima, na spika inakugeuza sauti. Kwenye 3G simu haikatikati namna hiyo wakati wa kuongea, ndiyo maana kelele inapunguka sana.

Munara ukiwa karibu, unaiambia simu ishushe nguvu. Ukiwa mbali, ao kilima kikiwa katikati, simu inalazimika kupandisha nguvu, mpaka wati 2 kwenye 2G. Hapo ndipo batri inaisha mbio. Kwa wakaaji wa vijiji wanaolipa kila mara kushariji, ni franka zinazopotea.

Tena kuna mupaka. Hata ukipanda juu ya kilima na kuona munara kwa macho, 2G ya kawaida haivuke kilometa 35 hivi. Mawimbi yanafika, lakini yanafika kisha zamu yako kupita, na yanaingia ndani ya zamu ya mwengine.

Pasipo rezo, simu haipumziki: inatafuta munara kila wakati. Heri kuiweka mode avion ao kuizima, na kuiwasha ukifika pale panaposhika. Wenye mugonjwa nyumbani, ao mama anayengojea kuzaa, wachunge hii zaidi: batri iliyookolewa muchana ndiyo itaita pikipiki usiku.