Ziba Jicho Moja

Mtoto wa Kidete, wilayani Kilosa, anayeona kwa jicho moja tu hana sababu ya kulalamika. Anavuka reli bila kujikwaa, anachunga mbuzi wa babu yake na kuwarudisha wote, anamtambua mjomba wake kutoka mbali. Jicho zima linabeba kazi ya yote mawili, na kwa kuwa hajawahi kuona vingine, anadhani kila mtu anaona hivyo. Mzibe jicho bovu kwa kiganja, hajali. Mzibe lile zima, anausukuma mkono wako, anageuza kichwa, analia.

Madaktari huita hali hii ambliopia, na wengine husema jicho vivu. Jina hilo silipendi, maana linamtupia mtoto lawama isiyo yake. Mara nyingi jicho lenyewe halina kidonda wala ukungu. Mtoto huzaliwa na macho, lakini kuona anajifunza, na anayejifunza ni ubongo. Jicho moja likileta picha hafifu, iwe ni kwa makengeza, kwa kuhitaji miwani yenye namba iliyopishana sana na ya jicho la pili, au kwa mtoto wa jicho, ubongo unashika picha safi na kuipuuza ile nyingine hadi unashindwa kuisoma. Miaka ya 1960 David Hubel na Torsten Wiesel walishona kope za jicho moja la vitoto vya paka. Walipozifungua baada ya miezi kadhaa, jicho lilikuwa zima ila paka alikuwa haoni kwalo. Utafiti wao juu ya ubongo na uoni uliwapatia tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Ubongo huo hufundishika vizuri zaidi kabla ya miaka 7. Kati ya 7 na 12 wapo wanaopata nafuu, lakini kila mwaka unaopita unapunguza tumaini. Na miaka 6 au 7 ndio umri wa kuanza darasa la kwanza. Tukingoja mwalimu agundue ubaoni, tumeshachelewa, tena mwenye jicho moja zima anausoma ubao bila shida. Mahali pa kumnasa ni kliniki, mama anapompeleka mwanawe kupimwa uzito na kupata chanjo. Kuziba jicho moja kisha la pili hakuchukui hata dakika mbili. Makengeza yanayoendelea baada ya miezi minne yaonwe na mtaalamu, hata kama bibi anasema yatakwisha yenyewe. Mboni inayoonekana nyeupe isingoje hata juma moja: huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani.

Kugundua ni rahisi kuliko kufika. Hospitali zinazojulikana kwa macho ya watoto ni CCBRT na Muhimbili, Dar es Salaam, na KCMC kule Moshi. Reli iliyofika Kilosa mwaka 1909 inapita Kidete, lakini mto Mkondoa umeshaikata mara nyingi wakati wa mvua. Na tiba hii haiishi kwa safari moja. Kule Kitale, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wazazi wakikumbushwa kwa ujumbe wa simu, watoto wengi zaidi wanafika kwa mtaalamu baada ya kupimwa shuleni. Hata miwani ikitolewa bure, kazi bado ipo. Katika shule za sekondari za Dar es Salaam, utafiti wa mwaka 2008 ulikuta chini ya nusu ya waliopewa wanaitumia baada ya miezi mitatu.

Tiba yenyewe haina mashine kubwa. Kwanza miwani sahihi, na wapo ambao hiyo pekee inawatosha. Wengine wakibaki na upungufu, jicho zima linazibwa kwa plasta ili lile dhaifu lilazimishwe kufanya kazi. Zamani watoto walizibwa kutwa nzima. Mwaka 2003 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa kwa tatizo la kadiri, saa mbili kwa siku zinaleta matokeo sawa na saa sita. Nafikiri habari hiyo ni kubwa kwa kijiji kuliko kwa mji. Saa mbili zinapatikana asubuhi, kaka na dada wakiwa shuleni na hakuna wa kumcheka. Daktari anaweza pia kuchagua matone ya atropini, yanayofifisha jicho zima kwa muda.

Mama anatandaza mchele kwenye ungo na kumwekea mwanawe mbele. Kuchambua mawe si dawa, ila kunamtuliza asiibandue plasta. Siku za kwanza anapapasa, anaokota punje na kuacha jiwe, anakasirika. Mwache apapase. Baada ya majuma kadhaa, siku ya kurudi kwa daktari ikikaribia, mzibe tena lile zima kwa kiganja, uone kama bado anausukuma mkono wako.