Jina Lililokosewa Likazaa Wimbo

Katika Bungoma na Kitale si ajabu kuwasikia watu wakiimba kwa furaha maneno wasiyoyajua maana yake. Wabukusu, Wasabaoti, Wateso na watu wa makabila mengine hukutana sokoni na arusini. Mmoja huanzisha wimbo kwa lugha yake, na jirani huupokea kama masikio yake yalivyousikia. Wengi huyacheka makosa hayo na kuyaita ujinga. Lakini iko habari moja ya hapa Kenya inayoonyesha kwamba sikio likikosea, pengine huzaa kitu kipya.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akinasa nyimbo za wenyeji, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, upande wa Kericho. Huko aliimbiwa nyimbo zilizotaja jina la "Chemirocha", zikifuatana na kinubi, chombo kilicho ndugu wa litungo la Wabukusu. Wimbo uliopata sifa kuu uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenziwe. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha wao alikuwa nusu mtu, nusu mnyama, nao walimhimiza acheze kwa kurukaruka hata nguo zimvuke.

Je, Chemirocha alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilifika hata vijijini. Katika lugha ya Wakipsigis, sauti iliyo karibu na "j" ya Kiingereza ni "ch", na majina mengi ya Kikalenjin huanza kwa "Che", kama hilo la Chemutoi mwenyewe. Basi sikio lililipeleka jina geni mahali lilipopazoea, na mgeni akawa mwenyeji.

Rodgers naye hakuokota nyimbo zake mbali. Alizaliwa mwaka 1897, na katika ujana wake alifanya kazi ya breki katika magari ya moshi. Nyimbo zake nyingi zilihusu reli, safari na shida za mtu asiye na kitu. Watu wa Kitale, ambako reli ilifika mwaka 1926, wangeyafahamu mambo hayo bila mkalimani. Hata mpiga litungo wa Bungoma hufanya vivyo hivyo: huimba habari za ndoa, deni, njaa, au mtu aliyeketi mbele yake. Rodgers alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, asijue kwamba angechezeshwa Kapkatet.

Nyimbo zile zilihifadhiwa Afrika ya Kusini. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla ya wahifadhi wake, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, kuzirudisha Kapkatet. Walimkuta mzee mmoja miongoni mwa walioimba mbele ya Tracey angali hai, akaisikia tena sauti ya ujana wake. Wengine wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Hapo pana funzo. Nyimbo za Kapkatet zilipata mtu wa kuzinasa; nyingi za Bungoma na Kitale hazikumpata. Aliye na babu au bibi ajuaye wimbo wa kupalilia au wa kubembeleza mtoto, na amwulize leo ulitungwa na nani, na kwa sababu gani, kisha aandike. Neno lililokosewa laweza kusahihishwa. Neno lililozikwa pamoja na mwenyewe halina wa kulisahihisha.