Kwa Nini Daktari wa Baridi Yabisi Husoma Miaka 11?

Tuseme mama yako ana miaka 42. Tangu mwezi uliopita, akiamka asubuhi vidole vimekaza. Hawezi kufunga vifungo vya gauni wala kukamua nguo. Vinaanza kulegea kwenye saa 4 hivi. Jirani anamwambia ni baridi tu, aache kufua na maji ya alfajiri. Duka la dawa wanampa diklofenaki. Zahanati wanampima malaria, hana. Mahali pengine anachomwa sindano, anapata nafuu ya ajabu kwa siku chache, halafu yanarudi yale yale.

Umeshaona mtu wa namna hii? Wengi wetu tumemwona, na tukasema "ni mambo ya umri". Lakini miaka 42 si uzee, na ndani ya viungo vyake kuna kazi inaendelea.

Saa inayotembea

Kiungo kama cha kidole kina utando laini kwa ndani, unaotoa ute wa kukilainisha. Katika ugonjwa wa baridi yabisi, ule ambao kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe, utando huo unashambuliwa. Unavimba, unapata joto, unanenepa, kisha unaanza kula gegedu na mfupa wa jirani. Mfupa ukishaliwa haurudi. Dawa inaweza kuzima moto, lakini haijengi upya nyumba iliyoungua.

Ndiyo maana jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa fani hii, EULAR, inapendekeza kwamba mtu mwenye viungo vilivyovimba aonwe na mtaalamu ndani ya wiki 6 tangu dalili zianze, na dawa ya kuzuia ugonjwa wenyewe ianze ndani ya miezi 3. Sasa rudi kwa mama yetu upige hesabu. Jirani, duka la dawa, zahanati, sindano: miezi 3 imeshakwisha, na hajakutana hata na mtu mmoja aliyefundishwa kuubonyeza ule uvimbe na kuutambua.

Njia yenyewe

Mtaalamu huyo anaitwa daktari wa rumatolojia. Anapatikanaje?

Chukua mfano wa Tanzania. Shahada ya kwanza ya udaktari ni miaka 5. Mwaka 1 ni wa utarajali, anazungushwa idara mbalimbali hospitalini. Hapo ni daktari kamili, lakini bado si bingwa. Shahada ya uzamili ya magonjwa ya ndani, ile wanayoiita MMed, kwa mfano pale Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, inachukua miaka 3, na tasnifu yake ya utafiti ndani. Sasa ni daktari bingwa: anatibu moyo, figo, mapafu, sukari, kila kitu cha ndani kwa mtu mzima.

Baada ya hapo ndipo rumatolojia inaanza, na kwa kawaida ni kama miaka 2 mingine ya ubingwa bobezi. Nairobi ni mojawapo ya miji ya ukanda wetu ambako mafunzo haya yanapatikana. Afrika Kusini nako, bingwa hufanya mtihani wa cheti cha rumatolojia wa Colleges of Medicine of South Africa. Jumlisha: 5, 1, 3 na 2. Miaka 11, bila kuhesabu miaka ya kazi katikati wakati mtu anatafuta ufadhili.

Swali la haki: miaka 2 ya mwisho ni ya nini, kama mtu tayari ni bingwa?

Anachojifunza

*Kwanza, mikono.* Goti lililosagika na kiungo chenye baridi yabisi vyote vinauma. Lakini ukibonyeza, kimoja ni kigumu kama mfupa, kingine kinabonyea kama embe lililoiva. Tofauti hiyo haisomwi kitabuni. Unabonyeza mamia ya vidole huku mwalimu akibonyeza baada yako na kukusahihisha.

*Pili, maswali.* "Asubuhi unakaza kwa muda gani?" Dakika 10 ni jambo moja. Saa nzima au zaidi ni jambo lingine, linaloelekea kwenye mwako wa ndani ya viungo. Mama yetu alikuwa na jibu hili tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza.

*Tatu, kutoamini karatasi upesi.* Kuna kipimo cha damu kinachoitwa rumatoidi fakta. Watu wengi, hata baadhi ya wahudumu, wanadhani kikisoma chanya basi una baridi yabisi, kikisoma hasi huna. Kumbe kinaweza kuwa chanya kwa mwenye kifua kikuu, kwa mwenye homa ya ini, hata kwa mzee mzima wa afya. Na kinaweza kuwa hasi kwa mtu ambaye vidole vyake vinaliwa kabisa. Gauti nayo, ambayo wengine huiita jongo, ina mtego wake: asidi ya yuriki inaweza kuonekana ya kawaida siku ile ile dole gumba la mguu linapowaka moto. Njia ya uhakika ni kuvuta ute wa kiungo kwa sindano na kuutazama kwa hadubini yenye mwanga maalumu. Fuwele za gauti huonekana kama sindano ndogo ndogo. Mbinu hii inajulikana tangu 1961, lakini inahitaji mkono uliozoea na jicho lililofundishwa.

*Nne, magonjwa ya kwetu.* Mtaalamu wa hapa hawezi kunakili kitabu cha London. Mgongo unaouma unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mtoto mwenye mikono iliyovimba anaweza kuwa na selimundu. Halafu kuna chikungunya: jina lenyewe ni la Kimakonde, likimaanisha kile kinachopinda, kwa sababu ya jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika. Kirusi kinaondoka, lakini viungo vinaweza kuuma miezi mingi baadaye, na kwa macho vikafanana na baridi yabisi.

*Tano, dawa zinazoponya na kuua.* Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotizoni. Mwanamke huyo alikuwa haendi popote, na ndani ya siku chache alikuwa anatembea. Hench na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Lakini watu walipoendelea kutumia dawa za jamii hiyo kwa muda mrefu, madhara yakajitokeza: uso kujaa, sukari kupanda, mifupa kudhoofika. Dawa za jamii hiyo mara nyingi ndizo zilizo ndani ya "sindano ya ajabu" ya mtaani. Zinatuliza na kuficha dalili, huku mgonjwa akichelewa kupata dawa ya msingi.

Dawa hiyo ya msingi kwa wengi ni methotrekseti. Ni ya bei nafuu ukilinganisha na nyingine, lakini inanywewa mara 1 kwa wiki, si kila siku. Watu waliokosea wakanywa kila siku wamekufa, kwa sababu uboho uliacha kutengeneza damu. Na zile dawa mpya za kibayolojia zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Kwa hiyo mtaalamu anajifunza kukitafuta kabla ya kuziandika.

Je, tusubiri mabingwa?

Hapana, na hapa ndipo penye hoja yenyewe. Hata tukisomesha kwa kasi, miaka 11 ni mingi, na mabingwa watabaki wachache, tena mijini. Mama yetu ataanzia kwa mtu mwingine siku zote. Kwa hiyo kazi ya bingwa si kutibu tu. Ni kufundisha wale wanaomwona mgonjwa kwanza.

Kenya walijaribu hivyo kupitia mradi uliopewa jina la Kiswahili, UWEZO. Kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uingereza na Sweden, waliandaa wakufunzi ambao nao walienda kufundisha wahudumu wa afya namna ya kukagua viungo na kujua nani apewe rufaa haraka.

Ukaguzi wa mwanzo wala si mgumu. Njia moja iitwayo GALS, iliyochapishwa mwaka 1992, inaanza na maswali 3. Je, una maumivu au kukaza kwenye misuli, viungo au mgongo? Je, unaweza kuvaa nguo zote mwenyewe bila shida? Je, unaweza kupanda na kushuka ngazi bila shida? Kisha unatazama mwendo, mikono, miguu na mgongo. Ni dakika chache tu.

Kama wewe ni mwanafunzi wa udaktari, usisubiri mwaka wa 10 ili ujifunze kubonyeza kidole. Muombe mwalimu wako akuonyeshe wiki hii.

Na kama wewe si wa fani hii, bado una kazi. Mtu wa nyumbani akikwambia vidole vinakaza kila asubuhi zaidi ya nusu saa, na vimevimba, na ni wiki kadhaa sasa, usimwambie avae soksi. Mpeleke hospitali, na mkifika sema maneno hayo hayo: vimevimba, vinakaza asubuhi, tangu tarehe fulani. Tarehe hiyo ndiyo itakayomwonyesha daktari ni muda gani umebaki.