Mgongo ukivuta hadi mguuni, sindano ya kuchezea mechi siyo dawa

TANGA. UKIFIKA ufukwe wa Raskazone asubuhi na mapema utawakuta vijana wa timu za mtaani wakipiga mbio kabla jua halijawa kali. Miongoni mwao yupo kiungo mmoja fundi, miaka 23, ambaye siku hizi hakimbii. Anatembea tu ndani ya maji yanayomfika kiunoni, taratibu, huku wenzake wakimtania kwamba amezeeka.

Ameomba jina lake lisiandikwe. Timu yake ya ndondo inajua anasumbuliwa na nyonga, naye anaogopa wakisikia ni mgongo, namba itakwenda kwa mwingine. Ndoto yake ni jezi ya Coastal Union, Wagosi wa Kaya, pale Mkwakwani.

Balaa lilianza mazoezini. Aliruka kupiga kichwa, akatua vibaya. Maumivu yakaanzia kiunoni, yakashuka takoni, nyuma ya paja hadi kwenye unyayo. Akikohoa tu, mguu unapigwa kama shoti ya umeme.

Akakandwa maji ya moto, akachuliwa. Kabla ya mechi mbili akachomwa sindano ya maumivu na kumaliza dakika 90. Baada ya mechi ya pili hakuweza hata kuinama avue viatu. Alipopimwa, ikaonekana diski imetokeza.

KINACHOTOKEA

Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski. Ifikirie kama bushi ya gari: inazuia vyuma visigongane. Nje ni ngumu, ndani kuna ute mzito. Sehemu ya nje ikichanika, ute hutokeza na kubana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Ndiyo maana mtu analalamika mguu wakati ugonjwa uko mgongoni. Mara nyingi zinazoumia ni diski mbili za chini kabisa.

Eksirei huonyesha mifupa, diski yenyewe haionekani. Kipimo chake ni MRI. Hata hivyo, wapo watu wengi wasioumwa chochote ambao MRI huonyesha diski zao zimetokeza, kwa hiyo daktari hatibu picha, anamtibu mtu aliye mbele yake.

KISU SIYO CHA KWANZA

Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa, kwani mwili wenyewe hunyonya ute uliotokeza. Kulala kitandani kutwa kucha hakusaidii. Siku moja au mbili zinatosha, kisha uanze kutembea.

Dawa kama diklofenaki hupunguza maumivu, lakini hairudishi diski mahali pake, na ukiifanya chakula inaumiza tumbo na figo. Kuchezea sindano ni hatari zaidi: maumivu ndiyo refa wa mwili, na wewe umemfunga kitambaa machoni.

Kazi kubwa ni ya mtaalamu wa fiziotherapia: mazoezi ya tumbo, kiuno na makalio, kisha kutembea, kukimbia polepole, mpira, na mwisho kugongana. Ikishindikana, daktari bingwa anaweza kuchoma sindano ya steroidi karibu na mshipa uliobanwa. Hiyo nayo ni nafuu ya muda.

Upasuaji huondoa kipande kinachobana mshipa. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2007 ulifuatilia wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu. Waliopangiwa kupasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa: asilimia 95 walikuwa wamepona. Katika kundi lililopangiwa kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa.

Na kisu hakina uhakika wa kurudi uwanjani. Nemanja Vidic, nahodha wa zamani wa Manchester United, alipasuliwa diski mwaka 2015 akiwa Inter, na Januari 2016 akatundika daluga. Mcheza gofu Tiger Woods alipasuliwa mgongo mara nne kati ya 2014 na 2017, kisha akatwaa taji la Masters 2019.

HAPA USISUBIRI

Mkojo ukigoma au ukitoka bila kujijua, choo kikikushinda, ganzi ikishika sehemu za siri na makalio, au miguu yote miwili ikilegea, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyohiyo, maana ukichelewa unaweza kubaki hivyo maisha. Unyayo ukianza kuburuzika pia wahi.

Kwa mtu wa Raskazone, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo iko jirani, aanzie hapo. Wanaohitaji upasuaji wa mgongo hupewa rufaa, na moja ya vituo vikubwa nchini ni MOI, Muhimbili.

Kiungo wetu yuko wiki ya saba. Shoti ya mguuni imepungua, sasa inaishia gotini. Bado hajamwambia kocha.

Kocha unayesoma hapa, kama una mchezaji anayeshika kiuno kila akiinama kufunga kamba, muulize kabla hujapanga kikosi. Na akikwambia ukweli, usimnyang'anye namba. Mtunzie.