Tovuti Tano za Mwenye Mmoja

Mwenye kampuni moja ya utalii mjini Moshi aliniita ofisini kwake, akafungua daftari na kunionyesha anwani za tovuti tano. Zote zilikuwa zake. Ya kwanza ilihusu kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, ya pili kwa Marangu, ya tatu kwa Lemosho. Ya nne ilikuwa ya safari za Serengeti na Ngorongoro, na ya tano ya hoteli za Zanzibar. Fundi aliyezitengeneza alikuwa ameziunganisha zote: chini kabisa ya kila ukurasa palikuwa na safu ya maneno kama "kupanda Kilimanjaro kwa bei nafuu" na "safari bora Tanzania", na kila fungu la maneno lilimpeleka msomaji kwenye tovuti nyingine kati ya zile tano. Mwenye kampuni aliahidiwa kwamba zitabebana hadi ukurasa wa kwanza wa Google. Zilikuwa ukurasa wa nne.

"Kijana wangu, kosa langu nini?" aliniuliza. "Sikununua viungo kwa mtu. Tovuti zote ni zangu."

Mzee yule alikuwa ameshika jibu mkononi bila kujua. Shida ilikuwa hapo hapo, kwamba zote ni zake.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha andiko kuhusu injini yao mpya ya utafutaji. Injini zilizotangulia zilitegemea sana maneno yaliyomo ndani ya ukurasa, kwa hiyo aliyetaka kuonekana alirudia neno lake mara mia na akaonekana. Wao waliamua kuwasikiliza majirani pia. Mtu akiweka kwenye ukurasa wake kiungo cha kwenda kwa mwingine, ni kama ametoa ushahidi kwamba kule kuna jambo la maana. Ushahidi wa ukurasa ambao wenyewe unashuhudiwa na wengi una uzito zaidi. Na ukurasa unaoshuhudia kwa kila anayepita hugawanya uzito wake vipande vidogo vidogo. Kanuni hiyo waliiita PageRank, na ingawa leo Google inapima mambo mengine mengi, wazo la ushahidi halijaondoka.

Sasa mfikirie mtu anayeleta barazani mashahidi watano, na wote watano ni yeye mwenyewe kabadilisha kofia. Hajaiba, lakini hajashuhudiwa na mtu. Amejipigia debe mara tano.

Wenye biashara wengi huja kwangu wakiogopa adhabu, na hofu hiyo ina historia. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilikuwa juu kwenye Google kwa maneno mengi ya bidhaa kwa msaada wa maelfu ya viungo vilivyopachikwa kwenye tovuti zisizohusiana na biashara yake. Google ilipochukua hatua, kwa neno moja la mabegi ya safari duka lile liliporomoka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 ndani ya saa mbili jioni moja. Tarehe 24 Aprili 2012 ikaja Penguin, mfumo wa kuwinda viungo vya hila, ambao Google yenyewe ilisema uligusa takribani asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Kuna biashara zilizofunga milango mwaka ule.

Lakini Septemba 2016 mambo yalibadilika kwa namna ambayo mafundi wengi hawaielezi kwa wateja wao. Penguin iliingizwa ndani ya mfumo mkuu, na tangu hapo kazi yake kubwa ni kuvipuuza viungo vibaya badala ya kuiangusha tovuti nzima. Adhabu zinazotolewa na wafanyakazi wa Google kwa mikono bado zipo, na zikitolewa mwenye tovuti huona ujumbe ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Tuliifungua pale pale ofisini. Hapakuwa na ujumbe wowote. Mzee hakuwa ameadhibiwa. Viungo vyake mamia kwa mamia vilikuwa vimehesabiwa kuwa si kitu, na fedha aliyomlipa fundi imekwenda.

Hili linaniuma, na nalisema wazi: kuuza mitandao ya tovuti zinazosifiana ni kumuuzia mtu maji ya mto ulio nyuma ya nyumba yake. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kukushauri uweke kila tovuti kwenye seva tofauti, uandikishe kila kikoa kwa jina tofauti, ili Google isitambue undugu wao. Kukaa seva moja si kosa. Maelfu ya tovuti zisizojuana hukaa pamoja kwenye seva za kupanga. Kama tovuti zako ni za halali, undugu wao hauhitaji kufichwa. Na kama unahitaji kufichwa, jiulize kwa nini.

Basi tovuti dada ziunganishweje? Mimi huanza na msomaji. Mgeni anayesoma kuhusu siku ya mwisho ya kushuka Kilimanjaro, magoti yanamuuma, anafikiria bahari. Hapo, katikati ya aya, kiungo cha kwenda kwenye hoteli za Zanzibar kinamsaidia kweli. Kiweke bila woga. Lakini yule anayesoma orodha ya nguo za baridi hana haja na viungo ishirini vilivyorundikwa chini ya ukurasa. Kama unataka kuonyesha kwamba kampuni moja inamiliki tovuti kadhaa, ukurasa wa "Kuhusu Sisi" unatosha, au mstari mmoja chini wenye tovuti mbili tatu.

Na maneno ya kiungo yawe jina la tovuti. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tovuti inapoitwa kwa jina lake, hata roboti ya Google inaelewa kwamba hii ni familia inayojitambulisha. Inapoitwa "safari bora Tanzania" kwenye kurasa mia tatu, kwa maneno yale yale bila kubadilika hata herufi, hakuna binadamu anayeandika hivyo.

Kama ni lazima kiungo kirudiwe kila ukurasa na una wasiwasi nacho, ipo alama ya nofollow inayowekwa ndani ya msimbo. Ilianzishwa mwaka 2005 kupambana na matangazo ya hovyo kwenye maoni ya wasomaji, na humwambia roboti: kiungo hiki usikihesabu kama ushahidi wangu. Tangu 2019 Google huichukua kama dokezo, si amri, na ikaongeza alama nyingine, sponsored, kwa viungo vilivyolipiwa. Kwa tovuti zako mwenyewe chache zilizounganishwa kiungwana, wala huhitaji alama hizo.

Tovuti za lugha tofauti ni habari nyingine. Ukiwa na kurasa zile zile kwa Kiswahili, Kijerumani na Kiingereza, tumia hreflang, msimbo unaomweleza roboti kwamba kurasa hizi ni ndugu wa lugha tofauti. Sharti lake moja husahauliwa mno: kila ukurasa lazima uutaje mwenzake, na mwenzake uutaje pia. Upande mmoja ukinyamaza, Google inaweza kuupuuza msimbo huo.

Nirudi kwa mzee, maana viungo havikuwa ugonjwa wake mkubwa. Tulizifungua zile tovuti tatu za mlima, moja pembeni ya nyingine. Maelezo yalikuwa yale yale, picha zile zile za kilele cha Uhuru, bei zile zile. Jina la njia tu ndilo lilibadilika. Hata siku za Marangu, ambako mgeni hulala kwenye vibanda, zilielezwa kwa mahema ya Machame. Sera za Google zinakataza kurasa za namna hii: milango mingi iliyojengwa kunasa maneno tofauti ya utafutaji, yote ikiingia chumba kimoja. BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye matokeo kwa muda mwaka 2006 kwa hila ya jamii hiyo. Na hata bila kukatazwa, hasara ni ya mwenyewe. Mwandishi wa safari wa kweli akiweka kiungo cha tovuti ya Machame, ya Lemosho hainufaiki. Kila ushahidi wa haki aliokuwa anaupata ulitua kwenye theluthi moja ya nguvu yake.

Nilimshauri aunganishe tatu ziwe moja. Alisita, kwa sababu alikuwa amezilipia zote. Tukachagua ile ya Machame iliyokuwa na umri mkubwa zaidi, na yeye mwenyewe, aliyepanda mlima ule kama mpagazi ujanani, akaandika upya maelezo ya kila njia kwa mkono kwenye lile daftari. Kila ukurasa wa zamani ulielekezwa kwenye ukurasa mpya unaofanana nao, kwa elekezo la kudumu, 301. Fundi alitaka kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mbele ili amalize mapema. Nilimzuia: anayetafuta Lemosho akitupwa ukurasa wa mbele, Google huweza kuhesabu kwamba ukurasa alioutaka haupo tena.

Mbuga na Zanzibar zilibaki peke yao, maana wateja wake ni tofauti. Ile safu ya maneno ya chini tuliifuta siku ile ile.

Google hushauri elekezo la namna hii lidumu angalau mwaka mmoja. Vikoa vya Marangu na Lemosho havina tena ukurasa hata mmoja, lakini mzee bado anavilipia, kwa sababu kuna mgeni fulani Ulaya aliyehifadhi anwani ya zamani, na siku akiibonyeza anapaswa kufika mlimani.